Bomba Liko Kwao, Maji Yanashuka Kwetu

Kifungu cha 75 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya, ile ya 1999, kina amri ambayo husikii ikitajwa sana. Kabla ya kiwanda kupewa leseni ya kumwaga majitaka yake katika mazingira, mamlaka ya mazingira, NEMA, inatakiwa kwanza itafute maoni ya serikali ya mitaa inayohusika. Sheria haikuiachia NEMA hiari ya kuuliza au kutouliza. Serikali za mitaa za enzi ile zilivunjwa mwaka 2013, zikaingia kaunti 47, na haki hiyo ya kuulizwa ikarithiwa na magavana ambao wengi wao walikuwa wamechaguliwa kwa ahadi za barabara, hospitali na masoko.

Neno la kulikodolea macho hapo ni "inayohusika". Inayohusika ni ipi? Jibu jepesi, na ndilo linalotawala, ni ile ambayo kiwanda kimejengwa ndani ya mipaka yake. Ndiyo inayokijua, ndiyo iliyoidhinisha ramani yake, ndiyo inayokitoza ada. Lakini majitaka hayakai kiwandani. Mara yakishapita ukuta yanafuata mkondo, na ndani ya siku chache yamefika kwa watu ambao hawakuulizwa chochote. Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya mfumo mzima, kubwa kuliko uhaba wa maabara na kuliko hata rushwa: anayeulizwa ni mwenye bomba, anayeyapokea maji hayumo.

Chukua mto mmoja tu. Mto Ngong unapita kando ya viwanda vya Nairobi, katikati ya Mukuru na Viwandani, kisha unaingia Mto Nairobi. Mto Nairobi nao unapita Dandora na Ruai, unapokea maji yaliyosafishwa (na mengine ambayo hayakusafishwa), halafu unaungana na Athi. Athi unaporomoka pale Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako mgeni huonyeshwa maporomoko na povu kwa pamoja. Kutoka hapo unapita ukanda wa Machakos, unagawanya Makueni na Kitui, unaingia Tsavo, unabadilika jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na unamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Kabla tu ya kufika huko, pale Baricho katika Kaunti ya Kilifi, kuna visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto. Maji ya Baricho ndiyo yanayonywewa Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa.

Hesabu kaunti hizo. Kiwanda cha Nairobi kikiomba leseni, anayeulizwa ni Nairobi. Kiwanda cha mji wa Athi River kikiomba, anayeulizwa ni Machakos. Mkulima wa Makueni anayepandisha maji ya Athi kwa pampu kumwagilia nyanya, na mvuvi wa mdomo wa Sabaki, wote wawili wanasikia habari za viwanda hivyo kupitia puani.

Tusiwe wepesi wa kuzilaumu kaunti zenye viwanda. Zina sababu ya kukaa kimya, na sababu yenyewe inaeleweka. Kiwanda kinalipa leseni ya biashara, kinalipa kodi ya ardhi, kinaajiri vijana ambao vinginevyo wangekuwa mlangoni kwa mwakilishi wa wadi kila asubuhi. Upande wa Tanzania, sheria ya fedha za serikali za mitaa inaziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya kampuni iliyo katika eneo lao, na kwa halmashauri yenye mgodi au kiwanda kikubwa, ushuru huo ni sehemu ya uti wa mgongo wa bajeti. Mkono mtupu haulambwi. Mwombe mkurugenzi wa halmashauri ya namna hiyo aandike barua ya kupinga kibali, umeona kazi uliyompa.

Kuna tatizo la pili, la kikatiba, na ni Kenya linakoonekana wazi zaidi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Kaunti zimepewa udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma, na hata mabango ya matangazo. Uchafuzi wa maji haukutajwa katika orodha hiyo. Ulinzi wa maji umewekwa upande wa serikali kuu, pamoja na usalama wa mabwawa. Kwa maneno mengine, kaunti inaweza kumzimia mwenye baa spika yake usiku wa manane kwa mamlaka yake yenyewe, lakini kiwanda kikigeuza mto rangi inabidi iandike barua kwenda kwingine.

Ila kaunti hiyohiyo imepewa huduma za maji na usafi wa mazingira, maana yake mabomba ya majitaka. Na hapo mambo yanazidi kupotana, kwa kuwa sheria ya 1999 inamtaka mwenye kiwanda aunganishe majitaka yake kwenye mtandao wa mabomba pale mtandao ulipo, kwa leseni ya yule anayeuendesha. Kwa hiyo kuna milango miwili: wa mtoni, unaoshikwa na NEMA, na wa bomba la umma, unaoshikwa na kampuni ya maji ya kaunti.

Milango hiyo haina vizingiti sawa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa kile wataalamu wanachokiita BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu huyanyang'anya maji vinapokula uchafu, ikiwa majitaka yanakwenda moja kwa moja katika mazingira. Yakienda kwenye bomba la umma, kikomo ni miligramu 500. Mantiki yake ni nzuri: bomba linaelekea kwenye mabwawa ya kusafishia, na huko ndiko tofauti ile itamalizwa. Mabwawa yakizidiwa, au bomba likipasuka njiani na kuachwa miezi, tofauti kati ya 500 na 30 inaishia mtoni, na anayepaswa kuijibia si kiwanda tena. Ni kampuni ya kaunti, ambayo nayo ina leseni yake ya kuomba NEMA kila mwaka. Jiji la Nairobi lina mtambo mkubwa wa Ruai, maarufu kama Dandora, na maji yake yanaishia Mto Nairobi.

Sasa tazama kofia anazovaa mtu mmoja. Kaunti inaulizwa maoni kuhusu viwanda. Kaunti, kupitia kampuni yake, inatoa ruhusa kwa viwanda. Kaunti yenyewe ni mwombaji leseni. Na kaunti inakusanya mapato kwa viwanda. Ukimkuta afisa mazingira wa kaunti amesita kuandika sentensi kali juu ya jirani anayemwaga rangi mtoni, usidhani ni mwoga. Huenda anakumbuka bomba la kwao lililopasuka.

Turudi kwenye ile 30, kwa sababu ina siri ambayo serikali za mitaa zingeijua zingeitumia. Kikomo kinapima ukali wa majitaka, hakipimi wingi wake. Kiwanda kinachomwaga mita za ujazo 1,000 kwa siku, kikiwa kimetimiza miligramu 30 barabara, kinaingiza mtoni kilo 30 za mzigo huo kila siku. Viwanda kumi vya aina hiyo katika kijito kimoja, vyote vikiwa na leseni, vyote vikiwa watiifu, vinaingiza kilo 300. Hakuna aliyevunja sheria, na samaki wamekufa. Halafu kuna ujanja wa zamani wa kuchanganya: fungulia maji safi ndani ya majitaka mpaka kipimo kishuke. Mzigo ni uleule, karatasi ndiyo imependeza.

Ofisi iliyo makao makuu inaweza kuwa na jalada la kila kiwanda. Anayejua kwamba kijito chenyewe mwezi wa Septemba hubaki madimbwi mawili na njia ya ng'ombe ni mtu wa pale. Maoni ya serikali ya mitaa yana thamani hapo hasa. Mamlaka ya juu haikosi kemia. Inakosa kalenda ya mto, mahali watu wanapochota, saa ambayo bomba hufunguliwa (mara nyingi usiku, au mvua kubwa inaponyesha), na majina ya vijito ambavyo ramani haivijui.

Tatizo ni kwamba maoni mengi yanayotolewa hayana vitu hivyo. Yapo ya aina mbili. Ya kwanza: "Hatuna pingamizi." Ya pili, ambayo huja baada ya maandamano: "Tunapinga vikali." Yote mawili ni rahisi kuyaweka kwenye jalada na kuendelea, maana hayampi mtoa leseni kitu cha kukijibu. Barua inayosumbua ni ile isemayo: katika miezi ya kiangazi mtiririko wa mto ni mdogo kiasi hiki, kwa hiyo tunaomba kiwango cha kumwaga kipunguzwe kati ya Julai na Oktoba, sampuli zichukuliwe chini ya daraja fulani, si kwenye geti la kiwanda, mita ya kupima wingi iwekwe, ajali yoyote iarifiwe kwetu na kwa jirani wa chini kabla jua halijatua, nakala ya vipimo itufikie kila robo mwaka. Barua hiyo haimfukuzi mwekezaji. Inamwekea masharti, na masharti yakishaandikwa ndani ya leseni yanakuwa sheria yake.

Watasema kaunti na halmashauri hazina maabara. Kweli, kwa sehemu. Kipimo cha BOD chenyewe huchukua siku tano kwenye joto la nyuzi 20, na matokeo yakitoka, maji yaliyopimwa yameshafika mbali. Na sampuli za kiwanda huchukuliwa kwa gharama ya kiwanda, zikapelekwa kwenye maabara zilizoidhinishwa. Lakini kuna vipimo vya mkononi, vya uchachu, vya chumvi, vya oksijeni na joto, ambavyo bwana afya akifundishwa wiki moja anaweza kuvichukua kila Ijumaa mahali palepale na kuviandika kwenye daftari. Daftari la miaka miwili la namna hiyo lina nguvu mezani kuliko hotuba yoyote ya mheshimiwa.

Ukosefu wa daftari una gharama. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, ikaeleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Wananchi wengi hawakukubali. Wengine walicheka, wengine walikasirika, kwa sababu ng'ombe wako Mara tangu mababu na katika eneo hilohilo kuna mgodi wa North Mara, ambao mwaka 2009 maji yake yenye tindikali yalivuja hadi Mto Tigithe, na ambao mwaka 2019 ulitozwa na NEMC, baraza la mazingira, faini ya shilingi bilioni 5.6. Sina sababu ya kuipinga kamati hapa. Ninachosema ni kwamba taarifa ya wataalamu waliofika baada ya samaki kufa, ikiingia katika eneo ambalo vijiji na halmashauri havikushirikishwa kupima kabla, haiaminiki hata kama ni sahihi.

Tanzania, kwa upande wa muundo, ilikuwa imeshafikiria jambo ambalo kifungu cha 75 cha Kenya hakikulifikiria. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, kuanzia Pangani na Wami/Ruvu hadi Ziwa Tanganyika, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 kibali cha kutiririsha majitaka kinatoka kwenye bodi ya bonde. Mpaka wa bonde huchorwa na mteremko wa maji, wala haufuati mipaka ya wilaya. Mto Msimbazi ni mfano mzuri. Unaanzia milima ya Pugu, Kisarawe, mkoa wa Pwani. Unapita Jiji la Dar es Salaam, Ubungo na Kinondoni, kando ya machinjio na mabwawa ya Vingunguti, kando ya viwanda, kando ya vitalu vya mchicha ambavyo kila mkazi wa Dar amewahi kula mboga yake bila kuuliza ilikotoka. Unaishia baharini pale Salenda. Mamlaka nne za mitaa, mto mmoja, bodi moja. Kwa karatasi, swali la "nani anahusika" limekwisha.

Kwa nini basi Msimbazi ni Msimbazi? Sababu ni nyingi, na si viwanda peke yake: kuna majitaka ya majumbani, taka ngumu, mafuriko. Ila moja inahusu mada yetu. Bodi ya bonde ni pana mno, na mtaa ni mdogo mno, na kati yao njia ya habari ni nyembamba. Sheria ya mazingira ya 2004 iliweka ngazi zote, kuanzia afisa mazingira wa halmashauri hadi kamati za mazingira za kata, mtaa na kijiji. Mwenyekiti wa mtaa huitwa wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, hutia sahihi orodha ya waliohudhuria, na sahihi hiyo huambatanishwa mwishoni mwa ripoti nene kama ushahidi wa ushirikishwaji. Baada ya hapo mradi umeanza, kibali kinahuishwa, na mwenyekiti haitwi tena. Amehudhuria harusi, ndoa hajawahi kuulizwa inaendeleaje.

Kenya nayo ilijaribu njia ya mabonde. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa yeyote anayemwaga uchafu kwenye chanzo cha maji, na iliunda kamati za mabonde ambazo ndani yake magavana wa bonde husika wana wawakilishi. Kwa Athi, maana yake Nairobi na Kilifi wanaweza kukaa meza moja. Hili ni jambo kubwa, na ni ajabu kwamba halizungumzwi zaidi. Lakini kazi ya kamati hizo ni kushauri, na zinamshauri mtoa kibali cha maji. Leseni ya majitaka ya NEMA inapita mlango mwingine. Kiwanda kimoja, bomba moja, karatasi mbili, na meza ambako kaunti ya chini ina kiti si ile inayopokea maoni ya kifungu cha 75.

Mtu anaweza kudhani haya ni matatizo ya nchi zetu. Nchini Marekani, ambako mfumo wa vibali vya majitaka ni wa tangu Sheria ya Maji Safi ya 1972, rasimu ya kibali hutangazwa, umma hupewa angalau siku 30 za kutoa maoni, mtoa kibali analazimika kuyajibu maoni yenye uzito, na kibali hakizidi miaka mitano. Hata hivyo, Juni 2017 gazeti moja la Wilmington, North Carolina, liliwaambia wasomaji wake kwamba maji yao ya bomba yana kemikali iitwayo GenX, kutoka kiwanda cha Chemours kilicho mbali kule juu ya Mto Cape Fear. Mamlaka ya maji ya Wilmington ilikwenda mahakamani. Mwaka 2019 jimbo, kiwanda na kikundi kimoja cha watetezi wa mto walifikia makubaliano ya kisheria. Mamlaka ya maji ya mji ule wa chini haikuwa mmoja wa waliotia sahihi, na ililalamika kuachwa nje. Ikaishia kujenga vichujio vya kaboni kwa zaidi ya dola milioni 40, vilivyoanza kazi 2022. Nchi tajiri, sheria ya zamani, na bado wa chini alikuwa wa mwisho kujua na wa kwanza kulipa.

Kuna kitu kimoja tu katika mfumo wao ningekitamani kwetu, nacho ni wajibu wa kujibu. Huku kwetu sheria inasema maoni yatafutwe. Yakishatafutwa, yakipatikana, yakipuuzwa? Barua ya kaunti inayoweza kupuuzwa bila maelezo haitaandikwa vizuri mara ya pili. Ofisa aliyekesha kuandaa hesabu za mtiririko wa kiangazi, akaona leseni imetoka bila hata sharti moja kati ya yale aliyoyaomba na bila sentensi ya kueleza kwa nini, mwaka unaofuata ataandika "Hatuna pingamizi" na kwenda nyumbani mapema.

Ukimya una bei yake pia. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu, ulishinda kesi mwaka 2020 na kupewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua tuzo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Asasi za umma zilizotakiwa kukilinda kitongoji hicho, NEMA ikiwemo, zilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Watoto walikuwa wameshanywa risasi.

Nionavyo mimi, nafasi kubwa kuliko zote ambayo serikali ya mitaa inayo haimo katika kibali cha majitaka hata kidogo. Imo kwenye ramani. Kaunti ndiyo inayotoa idhini ya ujenzi na ya kubadili matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya 2019. Halmashauri za Tanzania nazo ni mamlaka za upangaji miji katika maeneo yao. Shamba la kando ya mto likigeuzwa kuwa eneo la viwanda, mahali pasipo na bomba la majitaka, mjadala wa leseni utakaofuata miaka mitatu baadaye ni wa kuamua uchafu uwe mkali kiasi gani. Kama uwepo au usiwepo, hilo liliamuliwa na kamati ya mipango siku ambayo hakuna mwandishi wa habari aliyekuwepo.

Kwa leseni zilizopo, kuna faraja moja ndogo: ile ya NEMA ni ya mwaka mmoja. Kila mwaka swali linaulizwa upya, au linatakiwa kuulizwa. Basi msomaji wa Kilifi, Makueni, Kitui au Machakos, mwakilishi wako wa wadi akija kukusalimu, muulize mambo mawili: viwanda vingapi juu ya mto wetu vinahuisha leseni mwaka huu, na barua yetu iko wapi?